Niliona Kiboko, Nikasema Ng'ombe

Nitukaneni kwanza, kisha mnisikilize. Matusi nimeshayazoea, maana hujitukana mwenyewe kila asubuhi nikinawa uso. Mimi ni mwanamke mzima, macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na niliona kitu kimoja nikasema kingine mbele ya watu. Hakuna aliyenishikia panga. Nilifungua mdomo wangu mwenyewe nikasema uongo, na mwenzangu akaulipia kwa mwili wake.

Kwetu ni kijiji cha wakulima kando ya mto Tana, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Garsen. Nasema kwetu lakini ni kwa mume. Mimi nilizaliwa kijiji kingine, Hewani, nikaolewa huku, na huku ukiolewa unabaki mgeni mpaka wajukuu wako waoe. Siku ukikubaliana nao wewe ni mke wetu. Siku ukibisha, "hawa wa Hewani ndivyo walivyo."

Shamba letu limepakana na malka. Asiyeijua malka nimweleze: ni njia pana isiyolimwa, tunayowaachia wafugaji wapitishe mifugo kwenda kunywa mtoni. Ilikuwepo kabla ya babu yake mume wangu. Kiangazi kikikaza, Waorma wanaipita na ng'ombe wao, sisi Wapokomo tunalima kandokando, na siku nyingi tunaishi vizuri tu. Siku nyingine tunagombana, halafu tunapatana.

Rafiki yangu mkubwa hakuwa Mpokomo mwenzangu. Alikuwa Hagodana, mjane wa Kiorma, boma lake liko ng'ambo ya malka, ana vijana wawili wanaochunga. Tulijuana nilipojifungua mtoto wa kwanza na maziwa yakagoma. Mama mkwe alisema ni husuda. Wifi akasema mimi ni mvivu wa kula. Hagodana alikuwa anapita kuuza maziwa, akamsikia mtoto analia, akaingia bila kuuliza kitu. Akaniachia kidumu. Kesho yake akaja na kingine, na nilipompa ndizi akakataa.

"Huyu mtoto yangu," alisema. "Mimi naleta maziwa, wewe nalea."

Mtoto huyo sasa yuko sekondari, amemshinda baba yake kimo. Kila nikimtazama mabega yale namkumbuka aliyeyajenga. Basi huyo ndiye niliyemfanyia haya ninayowaambia.

Ilikuwa kiangazi hikihiki. Mahindi yetu ya kando ya mto yalikuwa yameanza kubeba, na kila mtu alikuwa ameshakula kwa macho. Asubuhi moja nilitangulia shambani kwenda kuchuma kunde. Loo! Nilikuta mahindi yamelala. Yameliwa, yamekanyagwa, mengine yamekatwa chini kabisa kama yamefyekwa, na si kwangu tu, bali shamba baada ya shamba mpaka kwa jirani wa mwisho.

Nikainama kutazama chini. Tope lilikuwa bichi na nyayo zimejichora wazi, pana kama sahani, vidole vinne. Na mavi yalikuwa yamerushwa huku na huku mpaka juu ya majani ya migomba. Nani anayetawanya mavi kwa mkia namna ile? Mtoto wa darasa la kwanza wa huku kwetu angekwambia. Ni kiboko! Tena nilifuata nyayo mpaka ukingoni nikaona alipotokea majini na aliporudi. Kwato ya ng'ombe haikuwepo hata moja. Mimi nimekulia mtoni, wallahi, siwezi kukosea kiboko.

Mama Jillo, jirani yangu, alifika wa pili. Akatazama tope, akanitazama mimi, akashika kiuno. Kabla hajasema kitu akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenyekiti wa wakulima. Hakuinama. Alisimama pale juu ya tuta, akatazama mahindi, akatazama malka, akatema mate.

"Ng'ombe," akasema. "Wametumaliza!"

Nikacheka. Kweli nilicheka, nikidhani ni hasira tu. "Shemeji, ng'ombe gani ana vidole?"

Akanigeukia taratibu. "Nani amekuuliza?"

Nikarudi kwenye kunde zangu. Watu wakaanza kumiminika, wanaume, wanawake, watoto, kila mmoja na kilio chake, na kila mmoja akikanyaga palepale. Jua lilipopanda hapakuwa na unyayo wa kiboko wala wa nani. Palikuwa na nyayo za malapa tu. Nikamsikia mzee mmoja akinong'ona na mwenzake, "Kiboko ni wa serikali. Utamwita wapi akujibu? Ng'ombe ana mwenyewe." Wakacheka kidogo, kisha wakaanza kulaani ng'ombe kwa sauti pamoja na wengine.

Nami nikakaa na lile neno. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, mchana kutwa. Mnajua neno likirudiwa na watu wengi linakufanya nini? Nilifika jioni nikijiuliza, labda walikuwepo ng'ombe pia? Labda walipita upande ule nisiouona? Kumbe nilikuwa natafuta njia ya kukubali, hata kabla sijaombwa.

Mkutano uliitwa Jumamosi, shuleni, katika darasa la watoto wadogo. Naibu wa chifu alikuja, wazee wawili wa Kiorma wakaja, na sisi wenye mashamba tukajazwa kwenye madawati. Sijui kama mmewahi kukaa dawati la mtoto mkiwa watu wazima. Magoti yalikuwa yamebanwa chini ya ubao, mbele yangu mgongo wa Mama Jillo, kulia kwangu baba watoto, nyuma yangu watu wengine waliobanwa vilevile. Hata ukitaka kutoka huwezi mpaka wengine wasimame.

Kabla ya kuingia, Hagodana alinishika mkono mlangoni. Alikuwa ametulia kabisa, na huo utulivu wake ndio unaoniua mpaka leo.

"Wewe nafika shamba kwanza," aliniambia. "Ng'ombe yangu nalala boma. Kijana nafunga mlango, mimi naona. Wewe sema tu kile jicho naona."

"Nitasema," nikamwambia. Kwa mdomo huuhuu! Naye akaenda kukaa chini ukutani na wanawake wenzake, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Naibu wa chifu akasema hataki fujo. Kila mwenye shamba asimame, aseme kwa kinywa chake alichokiona, safu kwa safu, kuanzia mbele. Mimi nilikuwa safu ya pili kutoka nyuma.

Shemeji alisimama wa kwanza. "Niliona ng'ombe."

Wa pili akasema aliona ng'ombe wengi. Wa tatu akasema yeye alisikia kengele ya ng'ombe. Wa nne alisikia kengele na mluzi wa mchungaji. Jamani! Uongo ulikuwa unanenepa ukija huku nyuma. Ulipofika safu ya kati tayari ulikuwa na fahali mweupe mwenye pembe iliyopinda, na mtu mzima aliyesema hivyo alikuwa ameoa karibu na boma la Hagodana, nadhani ndiko alikomwona huyo fahali, amesimama zake anacheua.

Kila mtu akiketi, zamu yangu inasogea. Nilikuwa nahesabu migongo. Nikajiambia, yupo atakayesema. Akitokea mmoja tu, nami nitasimama na mwili mzima. Mmoja tu, Mungu wangu, hata akiwa mlevi! Nikajiambia Mama Jillo aliona, aliyaona yale mavi juu ya migomba, ana ulimi mkali, hamwogopi mtu. Atasema.

Mama Jillo akasimama. Nikaona mabega yake yamepanda. Akageuza kichwa kidogo kama anayetaka kunitazama, halafu akaacha.

"Kama walivyosema wenzangu," akasema, akaketi.

Ikawa zamu yangu. Baba watoto hakuniambia neno, aliusogeza tu mguu wake ukagusa wangu chini ya dawati. Shemeji alikuwa amegeuka kule mbele ananiangalia. Naibu wa chifu anapiga miayo. Wazee wa Kiorma wameinamisha vichwa. Na kule ukutani Hagodana amenyanyua uso, ananitazama bila wasiwasi wowote.

Nilitaka kusema kiboko. Wallahi neno lilikuwa mdomoni. Nikawaza nikilitoa, watu wote hawa waliosimama kabla yangu watakuwa waongo kwa mkupuo mmoja, na mimi wa Hewani ndiye niliyewaita hivyo. Nani atakuja kunisaidia kuvuna? Nani atanizika? Wengi wape, walisema wahenga. Basi nikawapa.

"Ng'ombe," nikasema.

Neno moja. Nikakaa haraka, goti likagonga ubao, na machozi yakanitoka. Watu wakadhani nalilia mahindi, wakanionea huruma! Mwanamke mmoja akanipapasa mgongo. Sikuweza kutazama ukutani.

Uamuzi ulikuwa kwamba malka yetu ifungwe mpaka mvua ije. Siku ileile wanaume walikata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba mirefu, na sisi wanawake tukayaburuta. Ndiyo, hata mimi. Mngefikiri aibu ingenituma nyumbani, lakini nilikwenda na wote, nikavuta mwiba na wote, na mtu alipoanzisha wimbo nikaitikia. Mchana ule, ni aibu kusema, nilijisikia vizuri. Nilikuwa mke wetu. Shemeji mwenyewe alinipa maji ya kunywa.

Maziwa hayakuja tena. Watu wa Hagodana walihamia kunywesha na kuchota maji chini zaidi, pale ukingo ulipochimbika, mahali ambapo sisi tunawakataza watoto hata kusogea kwa sababu ya mamba. Nililijua hilo. Kila mtu alilijua.

Sasa sikilizeni kituko. Mathenge yako palepale, ng'ombe wote wako mbali, na kiboko akarudi! Alikula pojo za Mama Jillo na mahindi yaliyobaki kwa shemeji. Nyayo zile zile, vidole vile vile, mavi mpaka juu. Tukakusanyika asubuhi, tukasimama tumezunguka ule unyayo kama tunaozunguka kaburi. Hakuna aliyesema kiboko. Mwishowe shemeji akasafisha koo.

"Wamepenya wapi hawa ng'ombe?"

Na sisi, watu wazima wenye akili zetu, tukaenda kukagua ua wa mathenge kutafuta pengo! Tukalitafuta kweli, tukiinama. Kijana mmoja akaonyesha upenyo ambao mbuzi asingepita, watu wakatikisa vichwa, na matawi yakaongezwa. Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nilishika tawi.

Haikupita muda, bodaboda wa Garsen akaleta habari. Mamba amemshika mwanamke wa Kiorma akichota maji kule chini. Vijana wake walimpiga mamba kwa mikuki na mawe mpaka akaachia. Mwanamke amepelekwa hospitali kwa gari la kuomba.

Sikuuliza ni nani. Nilimjua. Nilikaa chini palepale barabarani.

Hagodana hakufa. Alikatwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Mtu wa mjini atasema afadhali, amepona. Lakini fikirini. Mwanamke wa ng'ombe, asiyeweza tena kukamua! Mkono uliomlisha mwanangu ndio huo.

Jioni ile Mama Jillo alikuja jikoni kwangu. Akakaa juu ya kinu, akaanza kulia kama mtoto.

"Mwenzangu, mimi niliona kiboko," akasema. "Siku ile ya kwanza. Niliona kama ulivyoona wewe."

Nikamrukia. "Mbona hukusema? Ulikuwa mbele yangu, nilikuwa nakungojea wewe! Ungesema, mimi ningesimama nawe!"

Akanikodolea macho. "Nilikuwa nakungojea wewe. Nilijua rafiki yake ni wewe, na wewe uko nyuma yangu, utasema. Nikajiambia nipite salama, yeye akisema nitasimama tena nimuunge mkono."

Tukatazamana. Sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumpiga mwiko. Na mwenye kumtaja fahali mweupe, Mama Jillo akaniambia, naye amekuwa akilalamika kwa mkewe kwamba hakumwona fahali wala ndama, ila aliona aibu kusimama na neno lililochakaa. Basi ni wangapi mle darasani? Nimewaza usiku na mchana. Huenda ni wote. Huenda hata shemeji aliuona ule unyayo kiboko aliporudi, ila alikuwa ameshasema, na mwenyekiti akishasema hana pa kurudi.

Nilimwambia baba watoto nakwenda kusema ukweli kwa naibu wa chifu. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Aliweka kikombe chini.

"Ukienda, unamwita kaka yangu mwongo. Na mimi nilisimama baada yako, nikasema ng'ombe. Unaniita mimi pia. Na wewe mwenyewe ulisema nini?" Akanywa chai yake. "Maji yamemwagika, mama. Utayazoa?"

Nikamwongezea chai, na sikwenda. Ndivyo nilivyo tangu siku ile. Nikinyamaza nazidi kumfunga Hagodana. Nikisema, najifunga mimi, mume, watoto, Mama Jillo na nusu ya kijiji. Kila mlango una mtu wa ukoo amesimama hapo.

Hagodana alipotoka hospitali nilikwenda bomani kwake, nimebeba ndizi na unga. Vijana wake walinitazama wakaondoka bila salamu. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, shuka limefunika kile kisiki. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, kiboko, nyayo, safu, migongo, mguu wa mume wangu. Nililia mpaka kamasi.

Akaniacha nikamaliza.

"Mimi najua kiboko," akasema. "Kila mtu najua. Mtu mingi nasema ng'ombe, mimi sijali, hiyo mtu mimi sikuamini. Mimi nangoja wewe. Wewe nasimama, mimi moyo nafurahi. Halafu wewe nasema."

Hakumaliza. Nikamwambia nisamehe dada yangu, nitafanya lolote, nitakuja kukukamulia ng'ombe kila siku.

Akatikisa kichwa. "Mimi iko na kijana ya kukamua. Hapa wewe nalia, hapa mimi naona sawa, lakini hapa hakuna mtu. Maneno wewe nasema kule shule, toa kule shule."

Akasukuma ndizi zangu pembeni, si kwa ubaya. Alizisukuma kwa mkono wa kushoto ambao bado haujazoea kazi, nyingine zikaanguka, na nilipoinama kuziokota akanikataza.

Naibu wa chifu ameita mkutano mwingine Jumamosi hii, darasa lilelile, kuamua kama malka ifunguliwe au ibaki na mathenge hata mvua ikija. Shemeji ameshapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikunywa chai, akamwuliza mume wangu, "Tuko pamoja?" Mume wangu akasema tuko pamoja. Akanigeukia mimi. Nikasema karibu chai nyingine, shemeji.

Nilimuuliza Mama Jillo atafanya nini. Akaniuliza mimi nitafanya nini. Tukaachia hapo, kila mtu akaenda kuteka maji.

Ndugu zangu, ninyi mnaosoma haya mko kwenye vikao vyenu, makanisani, misikitini, kwenye vyama, kwenye ukoo, nawasihi. Ukiona uongo unakuja mtu kwa mtu ukielekea kwako, usitazame mgongo wa aliye mbele, wala usitegemee aliye nyuma. Kila mmoja mle ndani anamtazama mwenzake hivyohivyo. Sema mapema, sauti ikiwa bado ni yako. Sema hata ukitetemeka, hata wakikuita mgeni. Ukishasema nao mara ya kwanza, ya pili wanakudai, na ya tatu hawana haja ya kukudai, unajitoa mwenyewe.

Mimi nawafundisha ushujaa, lakini nitazameni vizuri. Nimewaandikia ninyi msionijua, kwa sababu hamnijui. Jumamosi ni keshokutwa, nimeandika kila kitu hapa mpaka mwisho, na nimefika mahali pa kuweka jina langu nimeshindwa.